Umenunua gari kwa mtu binafsi, kumbe lina ubovu uliofichwa: hatua za kudai haki yako

Gari linaweza kwenda vizuri siku nne, ya tano likaanza kuchemsha. Unampigia aliyekuuzia, naye anakujibu kwa mshangao: "Mbona kwangu halijawahi kunisumbua?" Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoharibu kesi yao kabla haijaanza. Mmoja anakimbilia gereji, injini inafunguliwa siku hiyohiyo, vipuri vya zamani vinatupwa. Mwingine anakata tamaa, anasema ndiyo hasara ya kununua mkononi mwa mtu, hakuna pa kudai.

Haki zipo. Ni finyu kuliko za aliyenunua kwa mfanyabiashara wa magari, na ni vizuri ulijue hilo mapema ili usijipe matumaini ya bure. Ukinunua kwa mtu binafsi, karibu kila dai lako litasimama juu ya mambo mawili: kile muuzaji alichokuambia, na kile alichokijua akanyamaza. Kazi yako kuanzia sasa ni kukusanya ushahidi wa mambo hayo mawili na kuulinda usipotee.

Hatua ya kwanza: liegeshe, na usiruhusu mtu kulifungua

Kuendelea kuliendesha gari lenye ubovu kunakuumiza mara mbili. Ubovu unaongezeka, na muuzaji anapata la kusema: "Umeliua mwenyewe." Liegeshe, piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita na taa zote zilizowaka, piga picha ya injini, ya chini ya gari, na ya oili au maji yanayovuja kama yapo. Rekodi video ya mlio. Andika kwenye daftari siku, saa, kilomita, na gari lilikuwa linafanya nini tatizo lilipoanza: lilikuwa linapanda mlima, limetoka kuwashwa asubuhi, au lilikuwa kwenye mwendo wa kasi.

Kisha, kabla hata hujampigia muuzaji, hifadhi tangazo la kuuza. Matangazo hufutwa ndani ya dakika chache mtu akisikia malalamiko. Piga picha za skrini za ukurasa mzima, pamoja na tarehe, bei, picha za gari na jina au namba ya aliyetangaza. Fanya hivyohivyo kwa meseji zote mlizoandikiana, na sauti alizokutumia zihifadhi mahali pengine nje ya simu yako. Kama mazungumzo yalikuwa ya ana kwa ana, mwite uliyekwenda naye kuliona gari, kila mmoja aandike peke yake anachokumbuka, aweke tarehe na saini. Kumbukumbu iliyoandikwa wiki ileile ina uzito kuliko ile inayotolewa mahakamani mwaka unaofuata.

Hatua ya pili: tambua kama ni ubovu uliofichika au ni uchakavu

Hapa panataka uaminifu. Gari la miaka 15 lenye shokamzoba zilizochoka halina ubovu uliofichika. Hiyo ni umri. Breki pedi zilizoisha, betri iliyochoka, tairi zilizokomaa, vyote ni vitu ambavyo mnunuzi mwangalifu anatarajiwa kuviona au kuviuliza. Tairi hata tarehe zimeandikwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 3117 ni wiki ya 31 ya mwaka 2017. Ukipeleka madai yaliyochanganya uchakavu wa aina hii na ubovu wa kweli, utaonekana mtu anayetafuta gari jipya kwa bei ya kuukuu, na hata dai lako zuri litapungua nguvu.

Ubovu unaokupa haki huwa na sifa tatu. Ulikuwepo siku ya mauziano, hata kama ulikuwa bado mchanga. Mtu wa kawaida asingeuona kwa ukaguzi wa kawaida. Na ni mzito kiasi kwamba ungeujua usingenunua, au ungetoa bei ya chini zaidi. Silinda hedi iliyopinda ikazibwa kwa dawa ya kuziba uvujaji, chesi iliyokatwa ikaunganishwa kwa kuchomelea kisha ikapakwa rangi nyeusi, gari lililozama kwenye mafuriko likafuliwa viti, kilomita zilizorudishwa nyuma, mfuko wa hewa uliokwisha kulipuka na mahali pake pakafunikwa tu kwa plastiki: hivi ndivyo vitu vya kupigania.

Hatua ya tatu: pata fundi asiye na upande, na umpe maswali ya kujibu kwa maandishi

Usilipeleke gari kwa fundi aliyeletwa na muuzaji, wala kwa rafiki yako ambaye ataonekana amekupendelea. Tafuta gereji yenye mashine ya kupimia, eleza kwamba unataka taarifa iliyoandikwa, na lipia. Taarifa iwe na tarehe, namba ya chesi, namba ya usajili, kilomita zilizosomwa, jina na saini ya fundi. Halafu ijibu maswali matatu tu: ubovu ni upi, kuna dalili gani kwamba ulikuwepo kabla ya siku ya mauziano, na je, mtu asiye fundi angeweza kuugundua?

Swali la pili ndilo litakaloamua kesi, na fundi mzuri anaweza kulijibu kwa vitu vinavyoonekana kwa macho. Kutu iliyokwisha kukolea juu ya chuma kilichovunjika haiji kwa siku tano. Tope lililokauka ndani ya reli za viti na chini ya zulia halikuingia jana. Silikoni ngumu iliyopakwa kuzunguka kifuniko cha maji, ukungu wa rangi ya maziwa uliogandana chini ya kifuniko cha oili, balbu ya taa ya onyo iliyotolewa ili isiwake, vyote vina umri wake. Kipimo cha unene wa rangi nacho kinasema: rangi ya kiwandani kwa kawaida iko kati ya maikroni 100 na 180 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na mlango unaosoma 600 umefunikwa puti. Tarehe ya kutengenezwa iliyo kwenye lebo ya mkanda wa kiti ikiwa baada ya mwaka wa gari lenyewe, mkanda umebadilishwa, na mikanda mara nyingi hubadilishwa baada ya ajali.

Jambo moja watu wengi hawalijui, nami lilinisaidia mno. Gari nililonunua liliwasha taa ya injini siku ya tatu, na giaboksi ikawa inachelewa kushika gia ya nne. Fundi alichomeka mashine, akasoma kosa, kisha akashuka kwenye orodha mpaka mstari unaoonyesha umbali ambao gari limekwenda tangu kumbukumbu ya makosa ifutwe. Ulisoma kilomita 212. Siku ya kukabidhiwa nilikuwa nimepiga picha ya dashibodi, kwa hiyo tulijua kwamba mikononi mwangu gari lilikuwa limetembea kilomita 130. Kumbukumbu ilifutwa kilomita 82 kabla halijawa langu. Na muuzaji aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe kwamba gari "halijawahi kuwasha taa yoyote".

Magari mengi yenye mfumo wa OBD-II, yaani kompyuta ya gari inayojipima na kuweka kumbukumbu ya makosa (Marekani ulianza kulazimishwa kwa magari ya mwaka 1996, Umoja wa Ulaya kwa magari mapya ya petroli tangu 2001) hutoa kipimo hicho. Mwombe fundi akipige picha kwenye skrini kabla hajafuta chochote, kwa sababu akifuta makosa namba inarudi sifuri na ushahidi wako umekwenda. Niseme pia upande wa pili: kufutwa kwa kumbukumbu peke yake hakuthibitishi hila. Betri ikichomolewa inaweza kufutika, na fundi aliyetengeneza kitu kihalali hufuta akimaliza. Nguvu yake inakuja pale inapogongana na maneno ya muuzaji.

Kabla injini au giaboksi haijafunguliwa, mwalike muuzaji kwa maandishi aje aone, yeye au fundi wake. Asipokuja, umeshajilinda. Na kipuri chochote kitakachotolewa kikae kwako, kwenye mfuko wenye tarehe.

Hatua ya nne: jua sheria inakupa nini

Sheria inayotumika ni ya nchi mlikouziana, na tofauti si ndogo. Nitaeleza mikondo miwili mikubwa, maana nchi nyingi zimo katika mmoja wao.

Mkondo wa kwanza ni wa Uingereza, uliotokana na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1893 na kuigwa katika nchi nyingi zilizokuwa chini yake. Uingereza yenyewe sasa, kwa mauziano kati ya watu binafsi, hutumia ile ya 1979. Katika mkondo huu, ahadi kwamba bidhaa ni bora na inafaa kwa kazi yake humbana anayeuza kama biashara. Mtu binafsi hatoi ahadi hiyo, na ndiyo maana watu husema "mnunuzi ajihadhari". Lakini hata mtu binafsi anabanwa na mambo matatu: awe na haki ya kuliuza gari, gari lilingane na maelezo aliyoyatoa, na asikudanganye kuhusu jambo lililokufanya ununue.

Hilo la kulingana na maelezo lina nguvu kuliko linavyosikika. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mtu binafsi aliyetangaza Triumph Herald ya mwaka 1961. Mnunuzi alikwenda, akaliona, akalichukua. Baadaye ikagundulika ni nusu mbili za magari mawili tofauti zilizochomelewa pamoja, na nusu ya nyuma peke yake ndiyo iliyokuwa ya 1961. Muuzaji mwenyewe hakujua. Mnunuzi alishinda hata hivyo, kwa kuwa tangazo lilisema gari ni la 1961 na gari halikuwa hivyo. Kuliona kwa macho hakukumnyima haki yake.

Ila usibebwe. Katika kesi nyingine ya miaka ya 1950, muuzaji binafsi alisema Morris yake ni ya 1948 kwa sababu kitabu cha usajili kilisema hivyo, kumbe mtu mwingine zamani alikichezea na gari lilikuwa la 1939. Hapo muuzaji alishinda. Mahakama iliona kwamba alikuwa anarudia tu kilichoandikwa, hakuwa anatoa ahadi, na aliyenunua alikuwa mfanyabiashara wa magari mwenye uwezo wa kuhakiki kuliko yeye. Kwa hiyo jiulize: muuzaji alisema jambo kama anayelijua na kulisimamia, au alikuonyesha karatasi tu?

Kuhusu maelezo ya uongo, Uingereza ina sheria ya mwaka 1967 inayomtaka muuzaji aliyetoa maelezo yasiyo kweli athibitishe kwamba alikuwa na sababu ya msingi ya kuyaamini. Mzigo unamwangukia yeye. Kukaa kimya kwa kawaida si kosa katika mkondo huu. Muuzaji halazimiki kukutajia kila ubovu bila kuulizwa. Akiulizwa akajibu uongo, au akasema nusu ya ukweli inayopotosha, au akafunika ubovu kwa makusudi, hapo hali inabadilika. Ndiyo sababu maswali uliyomwuliza kabla ya kununua yana thamani kubwa sasa.

Mkondo wa pili ni wa sheria za Ulaya bara, wenye mizizi katika Roma ya kale, ambako maofisa wa masoko waliwalazimisha wauzaji wa watumwa na mifugo kutaja kasoro zake. Ufaransa, kifungu 1641 cha Sheria ya Madai kinamfanya muuzaji, hata mtu binafsi, awajibike kwa kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae kwa matumizi yake. Mnunuzi anachagua kurudisha gari na kuchukua pesa yake, au kubaki nalo na kurudishiwa sehemu ya bei. Muda wa kudai ni miaka miwili tangu kasoro igunduliwe. Ujerumani, muuzaji binafsi anaruhusiwa kuandika kwenye mkataba kwamba hawajibiki kwa kasoro, na wengi huandika. Asipoandika, anawajibika. Na hata akiandika, kifungu 444 cha sheria yao ya madai kinamnyima kinga hiyo kama alificha ubovu kwa hila au alitoa dhamana ya sifa fulani ya gari. Angalia jambo moja la Ujerumani linalowaponza wengi: lazima umpe muuzaji nafasi ya kurekebisha kwanza, ukitengeneza haraka bila kumwambia unaweza kupoteza pesa hiyo.

Kilomita zilizochezewa zina sheria zake kali mahali pengi. Marekani, sheria ya shirikisho inampa mnunuzi haki ya kudai mara tatu ya hasara yake au dola 10,000, kiasi chochote kilicho kikubwa, dhidi ya aliyefanya hivyo kwa nia ya kulaghai, awe mfanyabiashara au mtu binafsi.

Kama hujui nchi yako iko mkondo gani, saa moja ya wakili au kituo cha msaada wa kisheria inatosha kukuambia. Muulize mambo mawili: muuzaji binafsi anawajibika kwa kasoro asizozijua, na muda wa kudai ni upi? Muda wa kudai ni hatari ya kweli. Hispania, kwa mfano, sheria ya madai ya jumla inatoa miezi sita tu tangu kukabidhiwa.

Hatua ya tano: hakikisha kweli ni mtu binafsi

Wapo wafanyabiashara wanaojifanya watu binafsi ili wakwepe wajibu. Ukigundua uliuziwa na mmoja wao, haki zako zinapanuka sana katika nchi nyingi, maana sasa wewe ni mlaji aliyenunua dukani. Tafuta namba yake ya simu kwenye matangazo mengine. Angalia hati ya usajili: jina lililomo ni lake? Amelimiliki kwa muda gani? Mtu aliyemiliki gari wiki tatu na anatangaza mengine manne kwa namba ileile ana biashara. Ulipopiga simu, ukasema "nimeona tangazo la gari", naye akauliza "lipi?", likumbuke neno hilo na uliandike.

Hatua ya sita: mwandikie muuzaji

Mpigie kwanza ukitaka, kwa utulivu. Wako wauzaji waungwana ambao kweli hawakujua na wako tayari kugawana gharama. Lakini lolote mtakalozungumza, lifuatishe kwa maandishi siku hiyohiyo: "Kama tulivyoongea leo mchana, umesema kwamba..." Usimtukane, usimtishie kumwanika mitandaoni. Vitisho vinaweza kukugeuka, na barua yako siku moja itasomwa na hakimu.

Barua ya madai haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Iwe fupi namna hii:

"Ndugu, habari. Tarehe 3 Machi nilinunua kwako gari lenye namba ya chesi hii. Katika meseji yako ya tarehe 1 Machi ulisema kwamba giaboksi haina tatizo na gari halijawahi kuwasha taa yoyote. Tarehe 6 Machi taa iliwaka na giaboksi ikawa haishiki gia. Fundi amelikagua, taarifa yake nimeiambatanisha. Anaeleza kwamba ubovu ulikuwepo kabla sijanunua. Sijalitengeneza na silitumii. Naomba moja kati ya haya mawili: turudishiane gari na pesa, au unirudishie gharama ya matengenezo kama ilivyo kwenye makadirio. Ukitaka kulikagua wewe au fundi wako, nitakuruhusu siku yoyote kabla ya tarehe 24 Machi. Nisipopata jibu kufikia siku hiyo, nitapeleka madai mahakamani."

Itume kwa njia inayoacha alama ya kupokelewa. Usidai zaidi ya unachoweza kuthibitisha.

Majibu utakayopata huwa ni yaleyale. "Nilikuuzia kama lilivyo." Maneno hayo yana uzito, hasa yakiwa kwenye mkataba uliosaini, na yanaweza kukufungia dai la ubovu ambao muuzaji hakuujua. Ila katika nchi nyingi hayamlindi aliyejua akaficha. Hata Afrika Kusini, ambako kuuza "kama lilivyo" ni desturi ya kisheria yenye jina lake, voetstoots, aliyeficha kwa hila haponi. "Ulilikagua mwenyewe na fundi wako." Jibu lako liko kwenye taarifa: ubovu huu usingeonekana bila kufungua au bila mashine. Kama fundi wako wa kwanza aliuona na ukanunua hivyohivyo, hapo kweli huna dai. "Sikujua." Linaweza kuwa kweli. Tafuta risiti za gereji za kipindi chake, stika za kubadilisha oili zenye kilomita, na mmiliki wa kabla yake kama jina lake lipo kwenye hati. Fundi wa zamani akikiri kwamba alimwambia muuzaji giaboksi inakufa, hilo la "sikujua" limekwisha. "Pesa nimeshatumia." Hilo si utetezi, ni mwaliko wa kukubaliana malipo kwa awamu.

Hatua ya saba: usuluhishi, mahakama, na lini polisi

Siku ulizompa zikiisha bila jibu, piga hesabu kabla ya kwenda mbele. Jumlisha dai lako: tofauti ya bei au gharama ya matengenezo, kuvutwa kwa gari, ada ya fundi aliyekagua. Linganisha na ada za mahakama, wakili, na muda wako. Kwa madai madogo nchi nyingi zina mahakama au utaratibu mwepesi ambako unaweza kusimama bila wakili, na faili uliyoipanga tangu hatua ya kwanza ndiyo itakayokusemea. Kabla ya hapo, msuluhishi anayekubalika na pande zote anaweza kumaliza jambo jioni moja. Sioni aibu kukubali pungufu ya unachostahili kama pesa iko mezani na muuzaji hana mali ya kukamatwa. Hukumu isiyolipika ni karatasi tu.

Polisi wanahusika pale penye jinai: gari la wizi, namba ya chesi iliyofutwa au kugongwa upya, hati za kughushi, kilomita zilizorudishwa, au mtu aliyejitambulisha kwa jina la uongo. Namba ya chesi ya magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981 ina tarakimu na herufi 17, na haina herufi I, O wala Q. Ukiikuta na mojawapo ya hizo, au ikitofautiana kati ya kibati cha dashibodi na ile iliyogongwa kwenye chuma, usiliendeshe tena na usimrudishie muuzaji kabla hujatoa taarifa. Gari la wizi linaweza kuchukuliwa kutoka mikononi mwako hata kama ulilinunua kwa nia njema, na dai lako la pesa linabaki kwa aliyekuuzia.

Wakati wote huu una wajibu wa kutoongeza hasara. Usilipe maegesho ya gharama ya juu miezi sita wakati lingeweza kukaa uani. Kama lazima litengenezwe kwa sababu unalihitaji kwa riziki, mjulishe muuzaji, mpe siku chache, kisha tengeneza ukiwa na picha za kila hatua na vipuri vya zamani mkononi.

Hatua ya nane: mkikubaliana, malizeni vizuri

Mapatano yaandikwe: kiasi, tarehe, na kama ndiyo malipo ya mwisho ya jambo hili. Kama mnarudishiana, usikabidhi gari, funguo wala hati kabla pesa haijaingia kwako. Kama pesa ni ya awamu, gari libaki kwako mpaka awamu ya mwisho. Piga picha ya kilomita siku ya kulirudisha. Kisha nenda ukaondoe jina lako kwenye usajili na usitishe bima siku hiyohiyo, maana faini na ajali za gari lenye jina lako zitakutafuta wewe.

Mimi muuzaji wangu alikataa mara mbili. Nilipomtumia picha mbili pamoja, ile ya dashibodi siku ya makabidhiano na ile ya mashine yenye kilomita 212, alikaa kimya siku nzima, kisha akaniuliza makadirio ya giaboksi ni kiasi gani. Alilipa theluthi mbili kwa awamu mbili. Nilibaki na gari, likatengenezwa, na giaboksi ya zamani niliiweka stoo mpaka awamu ya pili ilipoingia.